Kwa wewe unayeanza maisha Ujerumani: usingoje hodi

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kilifi aliniandikia. Amekuja Ujerumani kusomea uuguzi, njia ambayo vijana wetu wengi wanaitazamia, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira Septemba 2024. Anauliza: "Dada, hakuna hata jirani mmoja aliyekuja kunijulia hali. Nimewakosea nini?"

Mdogo wangu, hujamkosea mtu. Nakuelewa, kwa sababu jambo hilo hilo liliniliza mimi.

Baba alipofariki Mombasa, nauli ya kuondoka siku hiyo sikuwa nayo. Kazini wenzangu walinipa kadi ya rambirambi, wote wameiandika majina. Nikarudi nyumbani, nikachemsha chai birika zima, nikapanga vikombe, nikangoja watu. Kwetu msiba hauna mwaliko. Majirani huingia kuhani, mikeka hutandikwa, kina mama hushika jiko bila kumuuliza mfiwa sukari iko wapi. Hapa Stuttgart giza likaingia na chai ikapoa. Mama wa mlango wa pili, niliyemweleza asubuhi ngazini, alinishika mkono, akanipa pole, akaingia kwake.

Huku Stuttgart wapangaji hupokezana zamu ya kufagia ngazi, iitwayo Kehrwoche, na kibao huning'inizwa mlangoni kwa mwenye zamu. Wiki ile ilikuwa yangu. Jumamosi nilitoka na ufagio, nikakuta ngazi zinang'aa na kibao kiko kwa yule mama wa mlango wa pili. Hakuniambia neno. Nilimshukuru na namheshimu hadi leo. Lakini nilihitaji mtu wa kukaa nami, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo nakwambia: usingoje, alika. Mwambie jirani, "Jumapili saa tisa karibu kwangu, kahawa na keki." Hiyo ni saa yao ya kutembeleana. Atafika saa tisa kamili, pengine na maua mkononi. Siku yako ya kuzaliwa, keki ya kazini unaleta wewe. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yake, wanaona ni mkosi. Kuanzia saa nne usiku punguza sauti. Jumapili usitoboe ukuta, na chakula nunua Jumamosi, maana maduka mengi hufungwa. Ukifiwa, taja unachotaka: "Njoo kesho jioni ukae nami." Alika, narudia. Wengi wao huona kuja bila kuitwa ni kukuvamia.

Sasa nawageukia Waafrika Mashariki wenzangu tulioko huku. Tumejifunza miadi mpaka tunawekeana sisi kwa sisi hata kwenye msiba! Mtu kafiwa, kundi la WhatsApp limejaa "pole sana", na mlangoni kwake hakuna kiatu hata kimoja. Mimi nimekataa. Mwaka huu mama mmoja wa Kisii anayeishi mji wa pili alifiwa na kaka yake. Nilipanda treni na sufuria ya pilau mapajani, nikalala kwake mpaka Jumatatu. Mzungu wa ghorofa ya chini alipoona viatu vingi mlangoni alipanda kuuliza kuna nini. Tulimweleza, tukampa sahani, akakaa.

Basi ukisikia msiba karibu yako, usiulize kama uje. Beba sukari na majani ya chai, nenda leo.