Dibaji si utangulizi: ushauri kwa anayeandaa kitabu

Miswada mingi inayonifikia kwa ajili ya kuhaririwa ina kasoro moja. Ukurasa mmoja una kichwa DIBAJI, kurasa chache mbele kuna UTANGULIZI, na ukizisoma zote mbili unakuta maneno ni yaleyale. Nikimuuliza mwandishi kwa nini kaweka zote mbili, hujibu kwamba ndivyo vitabu vilivyo. Basi tuanzie kwenye neno lenyewe, maana asili yake inasaidia kuliko kanuni nitakazotoa.

Kwa Kiarabu, dibaj ni kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa mapambo. Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi, ambao kitambaa hicho walikiita diba. Kutoka hapo likazaliwa dibaja, yaani mwanzo wa kitabu uliopambwa kwa maneno mateule, na mara nyingi kwa nakshi pia. Kiswahili kikalipokea likawa dibaji. Utangulizi halikutoka mbali hivyo: ni kutanguliza tu, ndugu wa mtangulizi. Liko pia mukadima, ambalo siku hizi ni nadra kulisikia. Mzizi wake ndio ule wa kukadimu, yaani kutanguliza, na mshairi wa Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili, anaanza nao waziwazi: "Bismillahi naikadimu." Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, naye aliandika mukadima wa kitabu chake cha historia mwaka 1377, ukawa mkubwa kiasi kwamba leo wengi wanaujua huo tu, historia yenyewe hawajaigusa. Mimi na wewe si Ibn Khaldun. Kurasa mbili zinatutosha.

Kwa hiyo mimi hutenganisha hivi: dibaji inazungumzia kitabu, utangulizi unazungumzia mada. Ukiandika juu ya ufugaji wa nyuki, dibaji itasema kwa nini umekiandika, umemlenga nani, na mfugaji anayeanza asome wapi kwanza. Nyuki wenyewe, aina zao na mizinga yao, wasubiri utangulizi. Msomaji akiiruka dibaji asipoteze chochote cha somo. Akiuruka utangulizi, sura ya kwanza imtatize.

Anayetaka mfano mzuri asihangaike na vitabu vya ng'ambo. Amsome Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mnamo 1858. Beti za mwanzo tu zinamaliza kazi: anamwita binti yake asogee, anamwambia kwamba anachompa ni wasia, kisha anaeleza kwamba maradhi yamemshika hata yametimu mwaka. Anayeambiwa ni nani, anaambiwa nini, na kwa nini sasa. Halafu anaagiza: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi," yaani njoo mbele uketi. Hata Bismillahi anamwagiza binti aiandike baada ya hapo. Sijaona dibaji ya kisasa iliyosema mengi kwa maneno machache namna ile.

Nyingi za kisasa zinafanana na risala mbele ya mgeni rasmi. Waheshimiwa wanatajwa mmoja mmoja, kazi inasifiwa kwamba ni ya kipekee, na unabaki kungoja tu uambiwe itifaki imezingatiwa. Sifa hizo zifute. Wa kushukuriwa wahamishie kwenye shukrani, na mama yako umweke kwenye tabaruku, yaani ukurasa wa kumtunukia mtu kitabu, mahali panapomstahili.

Dibaji iandike mwisho, mswada ukishakamilika. Najua wengi huianza mapema ili kujitia moyo, na sina ugomvi nao, ila iandikwe upya baadaye, kwa sababu kitabu ulichokusudia na kile kilichotoka mara nyingi ni vitu viwili. Kwa tasnifu usihangaike nayo kabisa: vyuo vina utaratibu wao wa ikirari (tamko kwamba kazi ni yako), tabaruku, shukrani na ikisiri (muhtasari wa kazi), nao unafuatwa kama ulivyo.

Kuna wachapishaji wanaotaka dibaji iandikwe na mtu mwingine, mwandishi abaki na utangulizi wake. Waulize kabla hujaandika neno. Ikiwa ni hivyo, chagua mtu anayeijua mada badala ya mwenye cheo, na umpe mswada mzima, tena mapema. Ukimpa sura mbili na wiki moja, atakusifu wewe badala ya kukieleza kitabu, na msomaji atagundua kabla ya aya ya pili.