Ukienda hekalu la Thanjavur, piga hodi kwanza

Nimekulia Dar es Salaam, nikipita mbele ya mahekalu ya mtaa wa Kisutu tangu nikiwa navaa kaptula ya shule, na sikuwahi kuvuka kizingiti hata kimoja. Tulisikia kengele, tukanusa ubani, tukaenda zetu. Hekalu la kwanza kuingia maishani mwangu likawa Brihadisvara, mjini Thanjavur, kusini mwa India. Na niliingia vibaya.

Nilikuwa Chennai nikimuuguza mjomba. Baada ya upasuaji akaniona nazunguka wodini kama mlinzi, akasema, "Nenda katembee, mwanangu, unanichosha." Nikapanda treni ya usiku, asubuhi nikalala hotelini kidogo, nikafika hekaluni saa tano. Ilikuwa mwishoni mwa Februari. Viatu huachwa nje, na ua mzima umetandikwa mawe na matofali yaliyoota jua tangu alfajiri. Nilianza kwa mwendo wa heshima. Hatua ya kumi nilikuwa nakimbia kama kuku aliyekanyaga makaa. Kilichoniokoa ni kivuli cha mnara. (Utaambiwa kivuli cha mnara ule hakigusi ardhi, eti ni maajabu ya mafundi wa kale. Nyayo zangu ni shahidi kwamba kinagusa.)

Kwa hiyo nenda alfajiri, au subiri saa kumi jioni. Mchana katikati hekalu hufungwa, na sababu yake ndiyo jambo ambalo ningependa mtu angeniambia kabla sijafunga mkoba: mungu anapumzika. Kwa Wahindu wa pale, Shiva anaishi ndani ya jengo lile. Huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula, na usiku hulazwa. Mimi nilikwenda kutazama jengo la kale, kumbe nimeingia nyumbani kwa mtu na mwenyewe yupo.

Nililijua hilo kwa aibu. Mbele ya hekalu amekaa Nandi, fahali wa Shiva, aliyechongwa kwenye jiwe moja, ukubwa wake kama Hiace. Amelala akitazama mlangoni. Nikasimama mbele ya pua yake, mgongo wangu kwake, nikinyoosha simu nijipige picha na mnara. Bibi mmoja akanishika mkono wa shati, akanivuta pembeni bila ukali wowote, akamwonyesha Nandi kwa kidole, kisha mlango, kisha macho yake mwenyewe. Sikuhitaji mkalimani. Fahali anamtazama bwana wake, na mimi nimesimama katikati yao. Nikamwambia "amma", neno pekee la Kitamil nililokuwa nalo, yaani mama. Akacheka.

Kutazamana huko ndiko kunakowaleta watu. Jina lake ni darshan: unakwenda kumwona mungu, naye akuone. Chumba cha ndani kabisa hakina madirisha, na jina lake la Kisanskriti maana yake ni chumba cha tumbo la uzazi. Foleni inasogea polepole kuelekea gizani, unafika mbele, taa inazungushwa, jiwe kubwa linalomwakilisha Shiva linaonekana kwa sekunde chache, basi, unasogezwa. Ukiwa na kamera mkononi sekunde hizo zimekupita. Iache mfukoni, ndani hawaruhusu picha hata hivyo.

Sasa, wewe ni Muislamu au Mkristo, kasisi anakuletea majivu matakatifu ya kupaka kwenye paji la uso. Utafanya nini? Amua ukiwa bado hotelini, usije ukaganda mbele ya watu hamsini. Mimi niliamua kwamba nimekuja kama mgeni, sikuja kuabudu, nikaunganisha viganja, nikainamisha kichwa kidogo, nikarudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyenuna. Ukipokea chochote, pokea kwa mkono wa kulia, hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Vuka kizingiti bila kukikanyaga, na ukizunguka jengo, hekalu liwe kuliani kwako. Mabega na magoti yafunikwe. Dada zangu, kanga moja begani inatosha.

Usitoke kabla ya kuziangalia kuta za chini. Mnara wa takriban mita 60 kila mtu anaupiga picha, lakini kilichonikalisha mimi ni maandishi. Mfalme Rajaraja wa ukoo wa Chola, aliyelikamilisha hekalu mwaka 1010, aliagiza ichongwe kwenye mawe orodha ya vyote alivyotoa yeye, alivyotoa dada yake mkubwa, walivyotoa wake zake, na walivyotoa watu wengine. Dhahabu, vito, taa, hadi wacheza ngoma 400 walioletwa kulitumikia hekalu, kwa majina. Ni daftari la michango kama la harusi zetu, ila limeandikwa kwenye graniti. Nilikumbuka msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, nikawaza kwamba kwa miaka ile bahari yetu hii ilikuwa na watu waliopenda sana kuandika ukutani.

Angalizo moja: mahekalu hayafanani. Mengine, kama la Jagannath kule Puri, hayaruhusu kabisa asiye Mhindu. La Meenakshi, Madurai, utaingia lakini si hadi chumba cha ndani, na simu utaiacha nje. Ukizuiwa, usibishane na mlinzi. Hata sisi tuna milango tusiyomfungulia kila mtu.

Jioni nilirudi. Mawe yamepoa, familia zimekaa chini, watoto wanakimbizana, kwani desturi ni kuketi kidogo kabla ya kuondoka. Wanawake wana asumini nywelini kama wa Ng'ambo siku ya harusi, wazee wamefunga nguo nyeupe kiunoni utadhani misuli. Nikajiona niko nyumbani, mpaka ilipowashwa kafuri. Wao huichoma mbele ya mungu, inawaka yote isibaki kitu. Mimi harufu ile nimeijua kwenye sanda tu, na mwili ukanisisimka, siwezi kukudanganya.

Keshokutwa yake nikaingia wodini na shati lile lile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Akanusa, akajiinua kwenye mto. "We mtoto, umetoka kumzika nani?"