Muulize Shangazi: Binti anachelewa kurudi kwa sababu ya kitabu cha picha

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wanne, tunaishi Columbus, Ohio, tangu tulipotoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2016. Binti yangu mkubwa yuko darasa la kumi na moja. Mwaka huu amechagua somo la kutengeneza kitabu cha mwaka, kile chenye picha za wanafunzi wote wa shule. Siku nyingine anarudi saa moja usiku. Ijumaa anataka nimpeleke uwanjani akapige picha za mechi, na mimi naingia zamu ya usiku ghalani. Halafu kitabu chenyewe wanatuuzia dola 85! Mimi nilitaka ajiandae kwa uuguzi. Je, hiyo ni elimu au ni mchezo tu?
Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikiri kwamba katika kesi hii mimi si hakimu, ni shahidi wa binti yako. Kazi ya kupanga kurasa za magazeti inayonilisha hapa Dar es Salaam niliionja mara ya kwanza kwenye kitabu kama hicho, katika shule moja ya St. Paul, Minnesota, mwaka 1995. Marehemu baba alikuwa masomoni kule, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Mwalimu akanikabidhi kamera, akasema hiki chombo hakina sarufi.

Alinidanganya. Kila picha ilidai maelezo yake chini, na maelezo yalikuwa na sheria. Sentensi ya kwanza iko katika wakati uliopo: nani anafanya nini. Ya pili inarudi wakati uliopita na kusema jambo ambalo picha haiwezi kuonyesha: kwamba huyu anayeruka na mpira alikuwa ametoka kuumwa wiki mbili, kwa mfano. Hilo hulipati kwa kukaa darasani. Sharti umfuate mtu, umuulize, uandike, kisha umuulize tena. Nilijifunza Kiingereza kwa maswali hayo kuliko kwa kamusi.

Sasa nikupe aibu yangu. Shuleni kwetu walikuwapo Wahmong wengi, wakimbizi waliotoka Laos, na majina yao ya ukoo ni machache, hivyo unakuta akina Vang na akina Xiong kila darasa. Nilikuwa na wasichana wawili, wote Vang. Nikachanganya majina yao, la huyu nikaliweka kwa yule. Kitabu kilipotoka, mmoja wao alikifungua mbele yangu, akachukua kalamu, akakata jina lililokuwa chini ya uso wake na kuandika la kwake juu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mtihani ukifeli, karatasi unaitupa. Nakala zile mia kadhaa zilikuwa zimeshasambaa, na naamini ziko kwenye makabati ya watu hadi leo. Tangu siku hiyo simwandiki mtu kabla hajaniandikia jina lake kwa mkono wake mwenyewe, awe waziri au muuza samaki wa Feri. Niambie, muuguzi anayechoma sindano bila kuuliza jina la mgonjwa utamkabidhi mwanao?

Upande wa usanifu nao si kupamba. Kurasa mbili zinazotazamana huhesabiwa kama uwanja mmoja. Picha moja huwa kubwa kuliko zote, mara mbili au zaidi, ili jicho lijue pa kuanzia. Uso wa mtu hauwekwi kwenye mshono wa kitabu, utamezwa. Nafasi kati ya picha na picha ni paika moja, yaani sehemu ya sita ya inchi, na nafasi tupu husukumwa nje, isibaki katikati kama shimo. Sisi tulipima kwa rula na kalamu ya nta. Wao wana kompyuta, lakini sheria ni zilezile.

Na kuchelewa kwake nakuelewa. Mtambo huchapa karatasi kubwa, kurasa nane upande huu na nane upande ule, ikikunjwa inakuwa fungu la kurasa 16. Ukurasa mmoja usipokamilika, umezuia wenzake 15. Ndiyo maana watoto hawa hubanwa kwa vipindi. Mwombe mwalimu kalenda ya siku za mwisho za kupeleka kurasa. Wiki hizo mvumilie, wiki nyingine mdai arudi mapema. Kwenye mechi hawaendi peke yao, basi watafute wazazi wawili mpokezane gari.

Jambo moja mwambie, linatoka kwangu. Kamera ikipima mwanga kwenye theluji au fulana nyeupe, nyuso zetu weusi hugeuka vivuli. Nilitoa picha ya timu ya mpira wa kikapu ambayo vijana watatu walibaki meno tu! Apime mwanga kwenye uso, auongeze. Ndani ya ukumbi wa michezo kasi ya kamera kufunga jicho lake isishuke chini ya sehemu 1 ya 500 ya sekunde, la sivyo mikono yote itakuwa ukungu.

Dola 85 ni nyingi. Kununua si lazima, na anayeagiza mapema kwa kawaida hulipa kidogo. Muulize mwalimu faraghani kama kuna nakala za wasioweza. Hakuna aibu hapo. Uuguzi haujakimbia, ana mwaka mzima mbele. Akigeukia uandishi, Chuo Kikuu cha Ohio kule Athens kina shule ya uandishi wa habari ya E.W. Scripps, wala si mbali na kwenu.

Jumapili, mwambie akuonyeshe faharasa, ile orodha ya majina nyuma ya kitabu yenye namba za kurasa. Mtafute pamoja watoto wa Kikongo mnaosali nao. Makundi mengi ya kutengeneza vitabu hivi hujiwekea lengo kwamba kila mwanafunzi aonekane angalau mara tatu. Mkikuta mtoto ana namba moja tu mbele ya jina lake, hiyo ya picha ya pasipoti, mpeleke binti yako uwanjani Ijumaa.