Maswali ya Wasomaji: Spea za Manowari Hutoka Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni fundi wa magari hapa Unga Limited, Arusha. Gereji yetu ikikosa spea tunachinja gari jingine bovu, au tunasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Naomba kujua: manowari aina ya destroya ikiharibikiwa injini mbali na bandari, spea hupatikana wapi, na je, wanaoibuni hulifikiria jambo hilo mapema?

JIBU: Ndugu yetu fundi, hulifikiria, na wasipolifikiria hulilipia baadaye. Chukua destroya za Marekani za daraja la Arleigh Burke, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1991 na hadi leo zinaendelea kuundwa. Kila moja husukumwa na injini nne za tabini ya gesi, yaani injini inayozungushwa na gesi ya moto, aina ya LM2500, ambazo asili yake ni injini ya ndege. Injini moja ikichoka kabisa, haibomolewi humo ndani kipande kwa kipande. Huvutwa kwenye reli na kupandishwa juu kupitia mkondo uleule unaoiletea hewa, kisha nyingine iliyokwisha kutengenezwa nchi kavu hushushwa mahali pake. Maana yake ni kwamba mchoraji wa meli alilazimika kuupa mkondo huo upana wa kupitisha injini, si hewa tu. Isitoshe, Japani na Korea Kusini zina destroya zinazotumia injini hiyohiyo, kwa hiyo spea zake haziadimiki, kama zisivyoadimika za Land Cruiser kwenu.

Vitu vidogo, kama vichujio na beringi, meli hutembea navyo stoo. Vinavyokosekana huletwa na meli ya ugavi au helikopta. Na kuchinja kupo hata kwao: meli iliyotia nanga hung'olewa kifaa ili inayotakiwa kusafiri iondoke, ingawa wewe unajua kuliko mimi kwamba kazi hiyo hufanywa mara mbili, na kifaa huweza kuvunjika kikiwa mkononi.

Waliolipia ni Waingereza. Destroya zao sita za Type 45, zilizoanza kazi mwaka 2009, zilipewa tabini ya WR-21 yenye kipoza hewa cha kupunguza matumizi ya mafuta, injini isiyotumika katika daraja jingine lolote la manowari. Kila meli ina mbili, basi duniani zinazofanya kazi baharini ni 12 tu. Kwenye maji ya joto, kama ya Ghuba ya Uajemi, kipoza hicho kilizidiwa, tabini ikapungukiwa nguvu, jenereta za dizeli zikashindwa kuubeba mzigo, na umeme ukakatika. Na kwa kuwa rafadha za meli hizo, yaani mapanga yanayoisukuma meli, huzungushwa kwa umeme, meli nayo ikasimama. Dawa iliyoamuliwa ni kutoa jenereta mbili za dizeli na kuweka tatu kubwa zaidi. HMS Dauntless ilitangulia, huko Birkenhead, na ubavu wake ulibidi ukatwe ili zipite. Mafundi wa Arusha wanaokata Land Cruiser katikati na kuirefusha kwa ajili ya watalii wataielewa kazi hiyo, ila hapa bati lenyewe linazuia bahari.

SWALI: Kwa nini destroya mpya zina kuta zilizolala badala ya kusimama wima? (Mwanafunzi, Moshi)

JIBU: Ili mawimbi ya rada yakigonga ukuta yaelekee pengine, yasimrudie aliyeyatuma. Destroya aina ya Zumwalt ya Marekani ndiyo iliyofika mbali zaidi, kwani ubavu wake huingia ndani kadiri unavyopanda. Zilikusudiwa 32, zikaundwa tatu, na hapo ndipo suala la fundi wetu linaporudi: mizinga yake ilihitaji risasi za aina yake pekee, ambazo bei ilipanda mno baada ya meli kupunguzwa hata ununuzi ukasitishwa mwaka 2016. Mizinga ilibaki mizima, haina cha kupiga, na baadaye ikaanza kung'olewa ili makombora yapate nafasi.