Kwa Anayeanza Kuchunguza Vipepeo na Okidi Msituni

Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza katika misitu kama ya Amani, Usambara Mashariki, akimwona kipepeo ametua juu ya okidi, huandika mara moja kwamba amempata mchavushaji, yaani mdudu anayehamisha chavua kutoka ua moja hadi jingine. Nakushauri usiharakishe. Kipepeo anaweza kunywa nekta na kuondoka bila kuhamisha chochote, kwa sababu okidi nyingi hazina chavua ya ungaunga. Chavua yao imeshikana katika vifurushi vyenye gundi, ambavyo hunasa kwenye mrija wa kunyonyea wa mdudu, au hata machoni pake. Ushahidi wa kweli ni vifurushi hivyo vikionekana mwilini mwa mdudu, navyo vikiwa vimetoweka katika maua uliyoyakagua kabla hajafika. Kwa hiyo kagua kila ua mapema, uliwekee alama, kisha ndipo uketi kusubiri.

Jaribu pia kukitoa kifurushi kwa ncha ya penseli na kukitazama kwa subira: katika okidi nyingi kikonyo chake huinama polepole mpaka kikae mahali kitakapogusa stigma, sehemu inayopokea chavua, ya ua jingine. Kuchelewa huko kuna faida kubwa, kwani mdudu hupata muda wa kuuacha mmea wa kwanza.

Jambo ambalo wageni hulipuuza zaidi ni saa ya kazi. Okidi nyeupe zenye harufu usiku na mrija mrefu wa nekta, kama Aerangis za Kenya, huchavushwa na nondo, jamaa wa vipepeo, na anayefunga daftari jioni hatawaona kamwe. Pima urefu wa mrija huo na kina cha nekta iliyomo. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin, kwa kutazama tu mrija wa okidi ya Madagaska iitwayo Angraecum sesquipedale, wenye urefu wa takriban sentimita 30, alieleza kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Hata hivyo, kipimo hukuonyesha wa kumtafuta tu, hakithibitishi kwamba amefika.

Usishangae ukikuta mrija mkavu: okidi nyingi huwavutia wadudu bila kuwapa chochote, na siku nzima ya kutoona mgeni ni taarifa inayostahili kuandikwa. Usichume mmea. Okidi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, na picha zilizo wazi pamoja na ua moja lililohifadhiwa katika spiriti, kwa kibali, hutosha kuutambua.