Apu za anatomia kwenye simu, wanafunzi wanazipenda ila mtihani wanaanguka

SWALI: Habari daktari. Nafundisha anatomia mwaka wa kwanza, wanafunzi kama 60, maiti hatuna, tuna mifupa ya plastiki na simu zao tu. Nimeanza kutumia apu za 3D na wanazifurahia sana, lakini kwenye mtihani wa vitendo hali ni mbaya. Nakosea wapi? Na je, apu inaweza kushika nafasi ya maiti?

JIBU: Nzuri mwalimu, na pole kwa mzigo huo. Mimi naona shida siyo apu yenyewe, shida ni kwamba apu inamjibia mwanafunzi kabla hajafikiri. Anagusa mfupa, jina linatokea, anasema aah hili nalijua, kumbe amelitambua tu baada ya kuliona, na mtihani unataka alitoe kichwani mwenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mkali kweli kwenye apu, anauzungusha moyo huku na huku anataja kila mshipa bila kusita. Nikamwambia weka simu mezani, nionyeshe kwa kidole kwenye kifua chako ventrikali ya kulia, kile chumba cha chini cha moyo, iko wapi. Akaweka kidole upande wa kulia wa kifua, karibu na kwapa. Ventrikali ya kulia iko mbele, nyuma tu ya kidari, ule mfupa wa katikati ya kifua, kwa sababu moyo umekaa kimshazari na umejigeuza, upande wa kulia umekuja mbele na wa kushoto umerudi nyuma, na ile ncha unayoisikia ikidunda kushoto kati ya ubavu wa 5 na wa 6 ndo ventrikali ya kushoto. Sasa yeye kwenye apu alikuwa ameuondoa moyo mahali pake, unaelea peke yake kwenye skrini, kidari hakipo, mapafu hayapo, uti wa mgongo haupo, angejuaje mbele ni wapi?

Kwa hiyo usiwaruhusu kufuta majirani wa kiungo, wawafifishe tu ili waonekane kwa mbali, na kila wakizungusha modeli warudi kwenye mkao wa kawaida, mtu amesimama anakutazama. Halafu zima lebo. Kabla hawajafungua apu wachore kwanza kwenye karatasi wanachokumbuka, hata kama mchoro ni mbaya, ndipo wafungue wajisahihishe. Hapo ndo simu inafanya kazi ya ualimu.

Kwa 60 wagawe watatu watatu kwa simu moja, mmoja ashike simu, mmoja aonyeshe kwenye mwili wa mwenzake, mmoja achore, kisha wabadilishane.

Kuhusu maiti, hapana, apu haitoshi, na sababu kubwa ni mbili. Kwanza rangi. Kwenye apu ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ni nyekundu, vena (inayorudisha damu moyoni) ni bluu, neva (mishipa ya fahamu) ni njano, lakini ndani ya mwili halisi vyote vimezama kwenye mafuta na rangi zinakaribiana, unatofautisha kwa vidole, ateri ina ukuta mnene, vena inalala, neva ni kama kamba iliyojaa. Skrini haifundishi hilo. Pili, apu nyingi zina mwili wa mfano tu usio na kasoro. Jaribu darasani, waambie wagusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho halafu wakunje kiganja kidogo kuja kwao, katikati ya kifundo cha mkono itasimama kano nyembamba, ni ya msuli wa palmarisi longasi. Wapo ambao haitatokea, mkono mmoja au yote miwili, maana hawakuzaliwa nayo na wala hawaumwi. Kwenye apu kila mtu anayo. Wanafunzi wakiliona hilo kwenye mikono yao wenyewe hawalisahau.

Kinachosaidia kuziba pengo ni picha za mwili halisi. Mradi wa Visible Human wa maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ulitoa mwaka 1994 picha za mwili wa mwanaume uliokatwa vipande vya milimita 1, na 1995 wa mwanamke, vipande vya milimita 0.33. Picha zake ni za bure, rangi ni za kweli, na ukizioanisha na modeli ya 3D unawaandaa mapema kusoma CT, zile picha za mionzi zinazoonyesha mwili kwa vipande.

Apu zenyewe, Complete Anatomy na Visible Body ni nzuri ila kuzitumia zote kwa ukamilifu unalipia, Z-Anatomy ni ya bure na iko wazi kwa wote. Yoyote utakayochagua waipakue kabla ya kipindi. Miwani ya VR, ile unayovaa ukaona modeli kana kwamba uko ndani yake, mimi nisingeanza nayo, anayeona ni mmoja wengine wanasubiri, na baadhi wanapata kizunguzungu.

Na huo mtihani wa vitendo, wiki mbili kabla anza kuwapa maswali ya namna ileile, pini kwenye mfupa wa plastiki, kidole kwenye mwili wa mtu, simu zote zikiwa mfukoni.