Barua zenu: Jamani, Harry Potter kawakosea nini?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu tu kwamba nimeanza kumrudia Harry Potter, vile vitabu vyote saba vya J.K. Rowling kuhusu mtoto anayesoma shule ya uchawi, kuanzia cha kwanza, basi barua zilizokuja si mchezo. Wengine mnampenda mpaka mnanitisha, wengine mnataka niokoke. Nimechagua chache, ila niseme kabisa kitu nilichokiona wakati nazisoma: wengi wenu hamgombani na kitabu, mnagombana na kitu kingine kilichosimama pembeni ya kitabu.

Shikamoo Anti. Binti yangu ana miaka 11, kaazima kile cha kwanza kwa mwenzie darasani na sasa hata kula anakula nacho mkononi. Kwenye maombi ya akina mama nikaambiwa ni kitabu cha uchawi, nikichome. Baba yake anasema nimwache mtoto asome. Nifanyeje? (Mama Wawili, Morogoro)

Marahaba mama. Kwanza usichome, cha watu hicho, utakuja kukilipa.

Halafu tuongee kuhusu hilo neno. Kwetu mchawi ni nani? Ni yule wa kuruka na ungo usiku, anawanga, ana roho mbaya hataki kuona mwenzie kapata. Hatuna mchawi mzuri kwenye Kiswahili, akishakuwa mzuri tunamwita mganga, na akiwa wa kuwafurahisha watoto ni mtu wa mazingaombwe. Nakumbuka shule ya msingi tulikuwa tunatoa shilingi hamsini kila mmoja, jamaa anaingia darasani na sanduku lake, anageuza karatasi kuwa noti, makofi, mpaka siku moja mwenzetu wa dawati la nyuma akauliza kwa sauti, sasa kama anaweza kutengeneza hela mbona katuchangisha hamsini hamsini? Alitolewa nje na hela yake hakurudishiwa. Sasa yule jamaa hakuna mzazi aliyemwita mchawi. Waingereza wana maneno kadhaa hapo katikati, sisi tukimleta Harry huku tunampa hilo moja tu, na neno lenyewe limeshakuja na hukumu yake.

Ukikifungua utakuta mtoto yatima analazwa kwenye kistoo chini ya ngazi nyumbani kwa mama yake mkubwa, halafu anapelekwa bweni ambako kuna ratiba, homuwaki na mitihani kama kawaida. Na si nyie tu mliostuka, kule Marekani chama cha maktaba kina orodha ya vitabu ambavyo watu walitaka viondolewe kwenye rafu kati ya 2000 na 2009, na huyu Harry ndo alishika namba moja. Kitu kimoja uwapelekee akina mama wenzio: kwenye kitabu cha saba Harry anafika kwenye kaburi la wazazi wake, na maneno yaliyochongwa pale ni "adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti". Kitabu hakisemi yametoka wapi. Nyie mtayajua, ni 1 Wakorintho 15. Mi nakushauri usome nyuma ya binti, akimaliza sura na wewe unaichukua, na ukikuta kitu hukipendi mwambie hapo hapo.

Anti, mie nasema kweli, kitabu cha tano chanishinda. Harry apiga kelele tu, kila mtu amemkosea, nilipofika kati nikakiwata. Kwani huyo mama alikuwa alipwa kwa kilo? (Kijana wa Kisauni, Mombasa)

Haha, kwa kilo nimeipenda. Ni kurasa 766 kwenye toleo la Uingereza wakati cha kwanza kina 223, kikikuangukia kidoleni utakumbuka. Na watu walikisubiri miaka mitatu, kuanzia 2000 mpaka 2003, kwa hiyo wengi walikipokea na njaa na wengine wakashiba vibaya.

Ila mdogo wangu, huyo mtoto ana miaka 15. Mwisho wa kitabu cha nne mwanafunzi mwenzie ameuawa mbele ya macho yake, halafu wanamrudisha kwa yule mama mkubwa likizo inapoanza, rafiki zake wanamwandikia vibarua vya juu juu tu hawamwambii kinachoendelea. Wewe ungeongea kwa upole? Ukirudi kitafute sehemu ya yule mwalimu wa sweta la pinki. Anampa Harry adhabu ya kuandika "sitasema uongo", kumbe kalamu haina wino, akiandika kwenye karatasi maneno yanajichora nyuma ya mkono wake mwenyewe, ngozi inachanika, inafunga, inachanika tena, na mwalimu amekaa hapo anatabasamu. Na kosa lake ni kusema ukweli. Kilichoniliza sio hata damu, ni kwamba Harry anauficha ule mkono, rafiki yake anamwambia nenda kashtaki, hataki. Mi nilipita kwa mwalimu wa namna hiyo, simtaji, tulikuwa tukishachapwa tunakalia viganja ili wenzetu wasione vilivyovimba na hakuna aliyesema nyumbani, kwa hiyo zile kelele za Harry unazosema zinakera mi nilikuwa namsaidia kupiga.

Ila sikatai kinachosha. Zile habari za yule jitu la msituni mi huwa nazivuka.

Mi sijasoma nimeona muvi tu. Hivi yule mwalimu mkuu mbona mkali vile? Mnamsifia nini? (Dodoma)

Huyo ni wa muvi, kaka. Kwenye kitabu cha nne jina la Harry linatoka kwenye Kombe la Moto, lile linalochagua washindani, na Dumbledore, ndo huyo mwalimu mkuu, anamuuliza kama ni yeye kaliweka, na imeandikwa kabisa kwamba aliuliza kwa utulivu. Kwenye muvi ya 2005 mzee anakuja mbio anamkwida mtoto utadhani kamdaka na simu yake. Wasomaji mpaka leo hawajasamehe. Anza kusoma.

Anti eti ni kweli shule ya wachawi ya Afrika iliyo kubwa ni moja tu, na iko hapo Uganda? Mwanzo nilifurahi nikawaambia mpaka wadogo zangu, halafu nikakaa nikawaza nikakasirika. (Bukoba)

Una haki zote mbili. Haipo kwenye vile vitabu saba, ni maandishi ya pembeni ambayo mwandishi aliyatoa 2016, na shule inaitwa Uagadou. Anwani yake ni Milima ya Mwezi basi, yaani lile jina la zamani la Rwenzori, imechongwa kwenye mlima na ukungu umeizunguka. Japani peke yake ina shule yake, sisi bara zima tunagawana moja yenye jina na nyingine ndogo ndogo hata hazitajwi. Na hilo jina lenyewe ukilisema haraka unajikuta umefika Ouagadougou, Burkina Faso! Hapo hasira yako naielewa.

Lakini kuna kipengele kimoja kimenikaa. Wanafunzi wa Uagadou hawahitaji fimbo, wanatumia mikono mitupu, na anasema hiyo fimbo ni mambo ya Ulaya. Kwa hiyo Harry akija pale kama mgeni ndo atakayeonekana anabeba mkongojo. Mi ningelipa hela kusoma mwaka mmoja wa shule hiyo, ulioandikwa na mtu wa Fort Portal au Beni anayeiona ile milima akifungua dirisha.

Wale wanne mlioandika kwamba Hermione hakustahili kuolewa na Ron, wale rafiki wawili wa Harry, nawajibu kwa pamoja. Mwandishi mwenyewe 2014 alikiri kwamba aliwaunganisha zaidi kwa matamanio yake binafsi. Sawa, ila mwisho wa kitabu wako stesheni wanasindikiza mtoto shule, miaka 19 imepita, wana watoto wawili. Tutavunjaje ndoa ya watu?

Anti, mi ninacho cha tatu tu, nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba na nyuma kimechanika. Kinaishia pale wametoka kwa Hagrid, yule mtunza wanyama wa shule, wanasikia shoka linashuka kwa yule ndege-farasi wake. Nimelia, na huu mwaka wa pili sijapata kingine. Wanawezaje kumchinja mnyama wa watu bure bure? (Tabora)

Jamani pole! Miaka miwili umekaa na msiba ambao haupo. Hakufa. Tafuta mtu mwenye kitabu kizima, sura ya 21, na kile kidude Hermione alichovaa shingoni mwaka mzima.

Sisemi zaidi.